Mvinyo haupikwi kama chai

Kwako Mhariri,

Baridi ya Julai imetuingia Nairobi, na maelekezo ya kutengeneza mvinyo moto wa viungo yanazunguka kwenye simu za watu. Mengi yana kosa moja, nalo ni neno "chemsha". Mtu akiambiwa achemshe hufanya alichozoea: hubandika sufuria, akatia kila kitu pamoja na kungoja ifoke. Chai huvumilia hayo. Mvinyo hupashwa tu.

Kileo huanza kutoroka na mvuke kabla mvinyo haujachemka, na harufu ya zabibu huondoka nacho. Kinachobaki ni uchachu na ukakasi. Isitoshe, jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Maji yenyewe hapa huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100, na mvinyo huyatangulia. Anayefuata vipimo vya Ujerumani, wanakokiita kinywaji hiki Glühwein na kukinywa kwenye masoko ya Krismasi, ajue kwamba sufuria yake itachemka mapema.

Shida ni kwamba mdalasini na karafuu zinataka kuchemka ndipo zitoe ladha. Basi zitenge. Kwa chupa ya mililita 750, tia sufuriani maji mililita 150, sukari vijiko vinne vya chakula, kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole, karafuu sita, punje tatu za iliki zilizopasuliwa na vipande viwili vyembamba vya tangawizi. Acha vitokote kwa moto mdogo dakika kumi, mpaka maji yawe na rangi ya strungi. Hapo teremsha moto hadi mwisho, mimina mvinyo, tia maganda ya chungwa, funika na uache robo saa. Mwenye kipimajoto asivuke nyuzi 70. Asiye nacho atazame pembeni mwa sufuria: vipovu vidogo kama vichwa vya pini vinashika ukingo, na mvuke unapanda taratibu. Vikianza kuachia na kuibuka katikati, epua mara moja.

Karafuu sita ni sita. Zikifika kumi na mbili ulimi hufa ganzi na hakuna kingine utakachoonja. Viungo vya unga navyo visikaribie: haviyeyuki, mdalasini wa unga hufanya ute, na kichujio cha chai hakiuzuii. Chungwa limenywe ganda la juu pekee, kwa kisu chembamba, maana ule weupe wa ndani ni mchungu. Machungwa ya Makueni yanafaa hata yakiwa ya kijani. Yale ya nje yanayong'aa mara nyingi hupakwa nta, hivyo yasuguliwe kwa maji ya moto kwanza.

Kuhusu chupa yenyewe, nunua mvinyo mwekundu wa bei nafuu usio na sukari. Wa bei ghali ni hasara, kwa kuwa viungo vitaufunika. Ikiwa ni ule mtamu wa pakiti, punguza sukari hadi kijiko kimoja au uiache kabisa. Lakini mvinyo uliokaa wazi hadi ukanuka siki hauokolewi na kiungo chochote. Moto huizidisha tu ile harufu.

Sufuria za alumini, ambazo ndizo nyingi jikoni mwetu, hushambuliwa na uchachu wa mvinyo na kuupa ladha ya chuma. Tumia ya stili au ya enameli. Ukitaka kuuweka moto kwa wageni, chuja kwanza, kisha utie kwenye thamosi. Karafuu ikibaki ndani itaendelea kutoa uchungu. Na isiwe thamosi ya chai ya nyumbani, kwani kizibo hushika harufu na asubuhi itakuumbua.

Jambo moja halina mzaha. Jiko la makaa lisiingizwe sebuleni madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na usingizi. Mahali watu wanapokunywa, dalili hizo hudhaniwa ni kileo, na mtu akaachwa alale.

Kwa wasiokunywa, viungo vilevile vinafaa na juisi ya zabibu nyekundu bila sukari, ikikamuliwa limau nusu, au na maji ya choya, yale maua mekundu ya rosela, yaliyotiwa sukari. Hiyo ndiyo unayoweza kuichemsha bila wasiwasi.

Mpishi wa nyumbani,
Nairobi