Kompyuta haitasoma slaidi iliyoharibika

Mhariri,

Siku hizi mkutano wa afya hapa Kisumu hauishi bila mtu kusifia kompyuta itakayosoma slaidi, yaani vioo vilivyopakwa seli, za kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Sipingi. Marekani iliidhinisha mashine za aina hiyo tangu 1995. Programu hupima kiini cha seli: kikiwa kikubwa kupita kiasi na kimekoza rangi, inaweka alama ili mtaalamu aangalie mwenyewe.

Lakini nani atahakikisha slaidi yenyewe inafaa? Sampuli ikishapakwa kwenye kioo yapaswa kutiwa spiriti papo hapo. Ikiachwa ikauke kwa joto letu hili la ziwani, seli hutanuka, rangi haishiki vizuri, na hapo kompyuta haina la kusoma. Rangi ikiwa kuukuu, ni yale yale. (Stima ikipotea, tusiseme.)

Serikali ya kaunti ianze na spiriti, rangi safi na wahudumu wa maabara wa kutosha. Halafu majibu yamfikie mama kwa simu, asifunge kibanda chake kuyafuata hospitalini akaambiwa arudi wiki ijayo.

Mkazi wa Kondele,
Kisumu