Kabla ya sindano, mtuonyeshe kama mbegu iko hai

Bwana mhariri, salamu nyingi kutoka huku Tororo, Uganda. Naomba kanafasi kidogo niongee juu ya hii biashara ya mbegu za sindano, yaani manii ya fahali ya kupandishia ng'ombe bila dume, maana sisi wenye ng'ombe mmoja wawili tunaumia kimya kimya.

Mimi nafanya kazi kwa maabara ya sekondari na nyumbani nina Friziani wawili. Mmoja amepigwa sindano mara tatu na zote tatu, wiki tatu zikipita, huyo anarudi kwenye joto, yaani mimba haikushika. Pesa imeshaenda. Ukimuuliza daktari anakuambia shida ni ng'ombe, mara amenona sana, mara hana madini, mara wewe ndio ulichelewa kuita. Ya nne nikachoka, nikamwomba aniuzie mrija mmoja zaidi wa mbegu, akacheka lakini akanipa, tukauyeyusha kwa maji ya uvuguvugu kama inavyotakiwa na mimi nikavuka barabara nao mbio mpaka shule.

Pale tuko na rangi inaitwa nigrosini, nyeusi ti kama masizi ya sufuria, ndio tunatumiaga kuwaonyesha wanafunzi bakteria za kwa meno. Hii rangi haipaki kile unachotaka kuona, inapaka pembeni yake, kwa sababu ngozi ya bakteria ina chaji hasi na nigrosini nayo ni hasi, sasa zinakataana, bakteria anabaki mweupe kwenye giza, na slaidi hauipitishi kwa moto ivo umbo lake haliharibiki. Kwa manii unaiongezea rangi nyingine nyekundu, eosini. Mbegu iliyokufa ngozi yake imeshaachia, eosini inaingia ndani inakuwa pinki, iliyo hai inaizuia inabaki nyeupe, na nigrosini kazi yake ni kuleta lile giza ndio utofautishe. Unachanganya, unavuta tone kwa slaidi, unaacha ikauke, unahesabu 200. Mimi nilihesabu mara mbili kwa sababu sikuamini macho yangu. Pinki, pinki, pinki, mweupe mmoja, pinki tena.

Sisemi daktari ni mwizi. Mbegu inakaa kwa naitrojeni ya maji, yaani gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, baridi ya digrii 196 chini ya sifuri, na hiyo naitrojeni inapungua kila siku hata usipofungua mtungi, sasa mtu anazunguka na kamtungi kadogo kwa boda, jua la huku mnalijua, anainua mirija juu juu akitafuta ya fahali gani, kila akiinua mbegu zinapata joto zinakufa na yeye hajui. Na pia hii rangi haimalizi maneno yote, mbegu inaweza kubaki nyeupe na bado haiogelei vizuri, ivo kuogelea nako lazima kuangaliwe. Na sisi wenyewe, ukweli usemwe, wengine tunaona ng'ombe anapanda wenzake asubuhi tunampigia daktari kesho yake.

Lakini kwani ni ngumu kiasi gani ofisi za mifugo za wilaya kuwa na maikroskopu moja na hizi rangi mbili? Mbegu zikifika, mrija mmoja unatolewa sadaka, unaangaliwa, halafu zinagawiwa. Maji mililita 100, eosini gramu 0.67, chumvi 0.9, unapasha moto kidogo iyeyuke, unatia nigrosini gramu 10, unachemsha, ikipoa unachuja. Basi. Mwanafunzi wangu wa S3, yaani kidato cha tatu, anaiweza.

Ila mkinunua muwe macho, hapo mimi nilishaliwa. Nigrosini zote zinaanzia kwa anilini na naitrobenzini zikipikwa pamoja na chuma au shaba, lakini kuna ile inayeyuka kwa spiriti tu, inaenda kwa vanishi na dawa ya viatu, na kuna iliyopitishwa kwa asidi ya salfa ikakubali maji. Mwaka jana duka moja la mjini lilinipa ile ya kwanza, nikaitia kwa maji ikakaa juu kama vumbi la makaa, nikakoroga mpaka mkono ukauma, wanafunzi wananiangalia tu. Kwa chupa tafuteni namba ya rangi, C.I. 50420, hiyo ndio ya maji. Na msivae shati jeupe, mke wangu bado ananisumbua juu ya moja.

Yule ng'ombe leo asubuhi ameanza tena kulia na kupanda mwenzake. Nimempigia daktari, anasema atakuja jioni. Nimemwambia aanzie shuleni, maikroskopu nimeshaitoa kwa kabati.

Mfugaji na mtu wa maabara, Tororo