Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyelaza besi uvunguni

Mdogo wangu,

Mama kaniambia juzi kwamba besi lako liko uvunguni, limefunikwa khanga, na bendi umeiacha. Sababu, kasema, ni ileile: mpiga solo anafungua amplifaya mpaka mwisho, wewe unabaki kutikisa kichwa jukwaani kama bubu. Sikupigii simu, tutagombana tu. Nakuandikia, tena hadharani, maana najua wako wapiga besi wengine wenye kinyongo hichohicho.

Kuna bendi ya Marekani nataka uijue. Ni ya panki, ule muziki wa gitaa wa kasi na kelele, na najua umeshakunja uso. Vumilia kidogo. Iliitwa Minutemen, watu watatu tu: D. Boon kwenye gitaa, Mike Watt kwenye besi, George Hurley kwenye dramu. Kwao ni San Pedro, upande wa bandarini wa Los Angeles, kwa watu wa kazi za jasho.

Boon na Watt walijuana wakiwa wavulana. Watt alikuwa anakatiza bustanini, mara mtoto mnene akamdondokea kutoka juu ya mti, akidhani ni mwenzake waliyekuwa wanacheza vita. Urafiki ukaanzia hapo. Mama yake Boon ndiye aliyewaambia waanzishe bendi, mwanawe apige gitaa, huyu rafiki apige besi. Watt hata hakujua besi ni nini. Picha alizoziona zilionyesha gitaa lenye nyuzi nne, basi akachukua gitaa la kawaida akalifunga nyuzi nne, akaona kazi imeisha. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, nikakukumbuka na lile gitaa lako la kwanza la waya wa breki ya baiskeli.

Bendi yenyewe ilianza mwaka 1980. Kazi yao ya kwanza, iliyotolewa na SST, kampuni ya rekodi ya Greg Ginn wa bendi ya Black Flag, ilikuwa na nyimbo saba ambazo zote kwa pamoja hazifiki dakika saba. Mwaka uliofuata wakatoa nyimbo 18 ndani ya robo saa. Hakuna kiitikio cha kurudiarudia, hakuna solo ya kutambia. Wakishasema walichonacho, wanakata, wanaingia wimbo mwingine. Na ndani yake wanachanganya fanki na jazi bila kumwomba mtu ruhusa, wakati panki wenzao wengi walikuwa wameshajiwekea sheria za namna panki inavyotakiwa kusikika.

Sasa hapa ndipo ninapotaka ukae vizuri.

Boon alipunguza sauti nzito zote kwenye gitaa lake. Alibakiza ule wembamba tu, kama bati linalokwaruzwa. Alifanya makusudi. Alijua gitaa likijaa huku na huku linalifunika besi na kuzimeza ngoma, akasogea kando ili wenzake wapate pa kukaa. Watt amelieleza jambo hili mara nyingi, kwamba kwa Boon ilikuwa siasa: huwezi kuimba habari za usawa kisha jukwaani ukawakalia wenzako. Ukiwasikiliza utaona, besi la Watt linatembea katikati ya wimbo kama mwenye nyumba, Hurley anakimbiza ngoma pembeni, na gitaa linachoma kwa juu na kutoka. Mpiga gitaa mwenyewe ndiye aliyejipunguza sauti. Huyo wa kwenu, nadhani, hajawahi kusikia kwamba hilo linawezekana.

Pesa hawakuwa nazo. Walikuwa na neno lao, “econo”, maana yake fanya kwa kidogo ulichonacho. Walirekodi usiku wa manane studio ikiwa bei chee, kwenye tepu zilizokwisha kutumika, na walipiga nyimbo kwa mpangilio uleule wa albamu ili wasilipie kazi ya kuzipanga upya. Vyombo walibeba wenyewe, gari wakaendesha wenyewe.

Mwisho wa 1983 walikuwa wamekamilisha nyimbo za albamu moja. Wakasikia rafiki zao wa bendi ya Hüsker Dü wamerekodi albamu ya sahani mbili. Wivu ukawapanda, wivu wa kirafiki lakini wivu. Wakarudi kutunga haraka haraka, na Julai 1984 ikatoka Double Nickels on the Dime, nyimbo 45. Kila mmoja alipewa upande wake wa sahani achague nyimbo anazotaka, na kila upande unafunguliwa na muungurumo wa gari la mwenyewe. Upande wa nne, wa nyimbo zilizobaki, waliuita makapi. Jaladani yuko Watt kwenye usukani wa foksi yake, yaani Volkswagen, macho yanaonekana kwenye kioo, mshale umesimama kwenye maili 55 kwa saa, mwendo wa sheria barabara kuu za Marekani wakati huo. Walikuwa wanamtania Sammy Hagar, mwanamuziki wa roki aliyeimba kwamba hawezi kuendesha 55. Yaani, wewe jifanye mkaidi barabarani, sisi ukaidi wetu uko kwenye muziki.

Tarehe 22 Desemba 1985, gari dogo la abiria lilipata ajali katika jangwa la Arizona. Boon alikuwa na homa, amelala nyuma bila mkanda. Akafa, akiwa na miaka 27. Minutemen ikaisha siku hiyo.

Watt aliweka besi chini. Aliyemnyanyua ni kijana mmoja wa Ohio, Ed Crawford, shabiki tu, aliyesafiri mpaka San Pedro kumsihi yeye na Hurley wapige tena. Wakaunda fIREHOSE mwaka 1986, ikadumu mpaka 1994. Na mwaka 2011 Watt akatoa albamu ya vipande 30 vifupi vifupi, kama zamani. Alivitungia kwenye gitaa la marehemu Boon. Hebu fikiria, mpiga besi yule aliyeachiwa nafasi, ameshika gitaa la aliyemwachia.

Nimekutumia nyimbo kwenye WhatsApp. Usizisikilize kwa spika ya simu, besi halitoki humo. Nenda kwa fundi redio pale sokoni, akufungulie spika kubwa. Na ukipita, mchukue na huyo mpiga solo wenu.