Moshi nao usomwe pamoja na upepo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu ile ramani ya mioto yenye vidoti vyekundu inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Tanga kila msimu wa kuandaa mashamba. Watu wanaona Handeni, Kilindi na Muheza zimejaa wekundu, basi wanaanza kulia kwamba Usambara yote imeteketea. Haisomwi hivyo.

Vidoti hivyo hutokana na setilaiti za Marekani zenye chombo kiitwacho VIIRS, na NASA huviweka bure mtandaoni ndani ya saa tatu hivi. Chombo hicho hutafuta joto. Kidoti kimoja husimamia kipande cha ardhi chenye upana wa mita 375, na humo ndani huenda panaungua mabua ya robo ekari tu. Tena setilaiti hizo hupita juu yetu mchana mwendo wa saa saba na nusu, na usiku saa kama hiyo. Anayechoma shamba saa kumi jioni, moto ukafa kabla ya isha, haonekani kabisa. Kwa hiyo ramani inaweza kukuza moto mmoja na kuukosa mwingine siku hiyo hiyo.

Moshi wenyewe una njia zake. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-5P, iliyorushwa mwaka 2017, hupima kaboni monoksidi na chembechembe zilizo angani. Setilaiti za Meteosat nazo, pia za Ulaya, zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta, hupiga picha kila dakika 10 hadi 15, na wataalamu huzichanganya rangi mpaka vumbi likatokeza kwa rangi ya waridi. Ndivyo linavyofuatiliwa vumbi la Sahara. Vumbi la barabara zetu ni dogo mno kwa macho hayo, ingawa sisi tunaolila hatuhitaji setilaiti kutuambia.

Tatizo ni kwamba vyombo hivi vinatazama kutoka juu. Vinaweza kuonyesha moshi mwingi bila kueleza kama uko kilomita tatu angani au uko puani mwako, na wingu likitanda vingi havioni kitu. Hapo ndipo mtu anayejua upepo anapohitajika. Mchana kusi husukuma moshi wa Pangani na Muheza kuelekea bara, Korogwe na milimani. Usiku hewa ikipoa, upepo uitwao umande huvuma kutoka bara kwenda baharini, na moshi uliolala mabondeni hushuka nao. Alfajiri shuka iliyosahauliwa kambani ina masizi, na mwenye pumu ameshaitisha dawa yake ya kuvuta.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa za upepo na mawimbi, na mvuvi wa Sahare huzisikiliza kabla ya kushusha ngalawa. Ombi langu ni ziongezwe sentensi mbili tu wakati wa kiangazi: mioto iko wapi, na usiku wa leo moshi utaelekea wapi. Picha zipo bure. Cha kununua ni vipima hewa vichache vya kuweka Handeni, Korogwe na hapa mjini, maana kiwango cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 15 za chembe laini kwa mita ya ujazo kwa siku, kinahusu hewa tunayovuta.

Najua wapo watakaotaka ramani hiyo itumike kuwasaka wakulima na kuwatoza faini. Nawapinga kabisa. Mkulima akiambiwa mapema kwamba kesho upepo ni mbaya, anaweza kungoja siku mbili. Akijua kwamba kidoti kinamletea mgambo, atajifunza saa za setilaiti haraka kuliko sisi, na mashamba yote yatachomwa saa kumi jioni.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga