Barua kwa mwanangu: nataka jina la mtu mmoja

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu Rehema,

Sisi hapa nyumbani hatujambo, ila mama yako bado anapika chakula cha watu watano kana kwamba hujaondoka. Juzi usiku taarifa ya habari ilimtaja mwanafunzi wa chuo aliyejitoa uhai, nikainuka kuizima redio kabla mtangazaji hajamaliza, na tangu hapo usingizi umekuwa wa kuvizia. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, maana kwenye simu huniambia "niko salama, baba", nami kwa kuwa nataka kusikia hivyo, nakata simu nikiwa nimeridhika.

Nina ombi moja. Niandikie jina la mtu mmoja aliye huko Dodoma anayejua. Sisemi anayekujua, nasema anayejua kwamba mawazo yale ya kujiua huwa yanakurudia, mtu ambaye ukimgongea mlango saa nane za usiku atafungua kwanza na kuuliza baadaye. Awe mwenzako wa chumbani, awe mlezi wa wanafunzi, awe mtu wa ibada unayemwamini, mimi sichagui. Treni ya umeme imetufupishia safari, lakini haiwezi kuniamsha na kunifikisha mlangoni kwako usiku huohuo.

Daktari wa Muhimbili alieleza mbele yetu sote kwamba mawazo hayo hupanda na kushuka, na kwamba saa yanapopanda ndiyo saa ya kutokuwa peke yako. Akasema pia jambo ambalo mimi, mwalimu wa miaka 32, sikulijua: kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, na mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Miezi mizima nilijizuia kukuuliza nikidhani nakulinda. Basi nakuuliza sasa kwa maandishi, na nitakuuliza kila Jumapili kwa simu: je, wiki hii umefikiria kujiua? Nijibu ndiyo au hapana, na hilo la "niko salama" uliweke kando.

Ukiona yamepanda hadi umeanza kupanga, usisubiri siku ya kliniki. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani na chuo chako; nenda idara ya dharura pamoja na huyo mtu ambaye jina lake bado sijalipata, na ukifika useme maneno yenyewe, "nina mawazo ya kujiua". Ukisema kichwa kinauma, watatibu kichwa. Mirembe nayo iko hapo hapo Dodoma. Najua jina hilo linavyosikika masikioni mwako, kwa sababu kuna mwalimu aliyekuwa akiwatishia watoto watundu, "nitakupeleka Mirembe", darasa zima likacheka, nawe ulikuwa umekaa dawati la tatu ukimtazama baba yako. Hiyo ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili, na siku nitakayosikia umeingia getini kwa miguu yako mwenyewe nitamshukuru Mungu.

Uliniuliza kuhusu polisi, nikakwepa. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na kwa maoni yangu kifungu hicho kimewafunga watu wengi midomo. Lakini kumwambia daktari au rafiki kwamba mawazo yanakusumbua si kosa mbele ya sheria yoyote. Wala si laana ya ukoo, kama shangazi yako anavyoshikilia hadi leo kwamba tungeanza kwa mganga wa Mkuranga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani kote. Sijui ni ukoo gani huo wenye watu wengi hivyo. Dua tunakuombea kila siku, na dua haijawahi kugombana na dawa.

Kuhusu dawa zenyewe, usiziache kwa sababu umeanza kujisikia vizuri. Uliambiwa zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, nawe wiki ya pili tu ulishaanza kunung'unika. Omba upewe chache chache ili zisirundikane chumbani. Hapa nyumbani nimelifunga kabati la dawa na ufunguo anao mama yako. Ukija likizo usione kwamba tunakudharau.

Sikufichi kwamba nilikasirika nilipogundua kuwa Asha wa nyumba ya pili alijua kabla yangu. Nikasema mtoto gani huyu anayeanzia kwa jirani. Kisha nikakumbuka jioni ile umeme umekatika, uliposimama mlangoni ukasema, "Baba, nimechoka kuishi", nami nilikuwa naingiza namba za LUKU, nikakwambia usubiri nisije nikakosea. Namba 20, Rehema. Taa zilipowaka ulikuwa umeshaingia ndani, na sikukufuata. Asha alikufuata. Mpigie simu mara kwa mara, usimtupe kwa kuwa sasa una marafiki wa chuo.

Ulivyorudi kliniki mara ya pili bila kusindikizwa na mtu, ukapanda daladala na kadi yako mkononi, nalihesabu jambo hilo kuliko cheti chako cha kidato cha sita, ingawa cheti nacho nimekitia fremu.

Majirani niliwaambia ni taifodi. Wiki iliyopita Mama Zuhura aliuliza kama taifodi imepona, nikamwambia haikuwa taifodi, ulikuwa unaumwa sonona na unatibiwa. Mengine ni yako, sikuyagusa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza bei ya bati. Kweli paa la uwani linavuja tena, na mpangaji ameahidi kulipa mwisho wa mwezi, ahadi ya tatu hiyo. Mdogo wako nimemwandikia namba 116, ile ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ya kuomba msaada, kwenye jalada la daftari, akaniuliza ni ya nini, nikakaa naye chini nikamweleza.

Mama yako anatuma unga wa ulezi na kanga moja kwa mtu anayesafiri Ijumaa. Barua hii usiijibu kwa urefu, masomo ni mengi. Niandikie jina tu.

Baba yako