Barua kwa mwanangu anayetaka digrii ya masomo mseto

Mama, hujambo huko kwa shangazi yako? Sisi tupo. Ila baba yako tangu juzi anazunguka uani anauliza swali moja na mimi ameshaniambukiza: ukimaliza hiyo digrii ya masomo mseto, utaajiriwa kama nani?

Ujumbe wako nimeusoma wote, usiseme mama hasomi. Nimeelewa kwamba kwenye hivyo vyuo vya Marekani unachukua masomo idara mbili tatu, unaandika kwa nini yanaenda pamoja, profesa anakusimamia, wanapitisha. Sawa. Na ile hoja yako ya Ziwa Victoria ni kweli kabisa, sangara waliletwa humu miaka ya 1950 kwa hesabu za kupata samaki wakubwa, nani aliwauliza wakaushaji wa samaki? Furu, wale samaki wadogo, ulikuwa unamwanika juani imeisha, sangara ana mafuta, jua halimwezi, anataka kuni, basi miti ikakatwa, na furu wenyewe wengi wakaishia tumboni mwa sangara. Hapo mtu wa samaki peke yake hatoshi, anatakiwa na wa misitu na wa uchumi na mmoja anayeweza kukaa na kina mama wa mwaloni akawasikiliza bila kuangalia saa. Nilimsomea baba yako hiyo sehemu, akasema huyu mtoto ana kichwa, halafu hata dakika haikupita, haya ataajiriwa kama nani?

Fungua mwenyewe Ajira Portal, ule mtandao wa kuomba kazi za serikali, uone. Tangazo linataja fani, uchumi, takwimu, uvuvi, "au inayofanana na hizo". Hiyo inayofanana ndo itakutesa, maana anayechambua maombi ana rundo mbele yake, hawezi kukaa kusoma maelezo yako marefu ya ziwa. Tena digrii ya nje mpaka TCU, wale wa Tume ya Vyuo Vikuu, waitambue kwanza.

Sijakataa eeh. Ila shika kitu kimoja kiwe ndo mzizi. Umesoma EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati, na hesabu unaziweza kuliko unavyokubali, chukua takwimu au uchumi, mazingira na hayo ya jamii yafuate nyuma. Halafu waandikie hao watu wa chuo uwaulize bila aibu: cheti kitaandikwa nini, transkripti itaonyesha idara gani, waliomaliza wanafanya kazi gani. Wakikujibu viwili vya kwanza hilo la tatu wakalipita, hapo ujue. Na usiniletee habari ya nitajiajiri, mtaji wa nani? Tena habari yote hii nimeanza kuisikia kwa shangazi yako, wewe umekuja baadaye, hilo halijanifurahisha.

Huku mbalamwezi imewaka, dagaa hakuna, mitumbwi imelala. Wale wa giza lililopita walinyeshewa kwenye chanja, nimewauza kwa bei ya chakula cha kuku, kwa hiyo ile hela ya pasipoti subiri kidogo, usikope kwa mtu. Mdogo wako kapasua kioo cha simu yangu, nikichelewa kujibu usinune.

Kesho kuna mzigo wako kwenye basi, ufuate stendi ya Mbezi mapema. Sado ya dagaa ni ya shangazi, usiifungue njiani. Karanga ndo zako.

Mama yako