Kwa mdogo wangu anayesubiri kidato cha kwanza: neno la leo ulitoe wapi

Mdogo wangu mpenzi,

Mama ameniambia umeanza kujifunza neno moja la Kiingereza kila siku, na kwamba maneno yenyewe unayapata kwenye simu yake. Nimefurahi sana. Januari unaingia sekondari, na masomo uliyosoma kwa Kiswahili miaka saba utayakuta yamegeuka Kiingereza: hisabati, historia, jiografia, mpaka mmeng'enyo wa chakula. Nakuandikia hadharani kwa sababu msimu huu kila mtaa una mtoto anayesubiri kama wewe, na ninayokuambia yanamhusu naye.

Usiache. Ila badilisha mahali unapoyachota hayo maneno.

Mama alinisomea ya wiki iliyopita, na mojawapo lilikuwa perspicacious. Ni neno zuri, lenye sifa ya mtu mwepesi wa kung'amua mambo. Lakini maneno ya siku yanayotolewa na kamusi kubwa kama Merriam-Webster ya Marekani huwafaa zaidi waliokulia katika Kiingereza. Wao ya kawaida wanayo tangu utotoni, sasa wanatafuta ya nadra. Wewe bado unayahitaji yale ya kawaida, tena unayahitaji haraka.

Hebu tupige hesabu. Miaka minne ya sekondari ni siku 1,461. Neno moja kwa siku, bila kuruka siku na bila kusahau hata moja, ni maneno 1,461 tu. Kwa hiyo kila siku unayoitumia kwa neno ambalo hutalikuta kitabuni ni siku iliyopotea. Wapo watu waliotumia miaka kutafuta maneno yapi yana faida zaidi kwa anayejifunza. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 ya matumizi ya kila siku. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akatoa orodha ya koo 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya taaluma za kila aina. Nasema koo kwa sababu maneno hayo huzaana, jinsi lima inavyotupa mkulima na kilimo. Produce nayo inatupa producer, production na productive. Ukishika ukoo mmoja kila siku kuanzia Januari, hizo 570 unazimaliza kabla ya upimaji wa kidato cha pili. Nyingi zimo kwenye vitabu vyako vya biolojia na historia, kwa hiyo huhitaji hata orodha yenyewe. Fungua kitabu, soma ukurasa, chukua neno lililokukwamisha.

Ila kabla ya yote anza na maneno yanayobeba swali la mtihani: describe (eleza lilivyo), outline (taja kwa ufupi), distinguish (onyesha tofauti), account for. Hapa ndipo nimeona watoto wenye akili wakipoteza alama bila kujua kwa nini. Mwalimu wa historia anauliza, account for the abolition of slave trade in East Africa. Mtoto anaandika kurasa mbili kuhusu misafara kutoka bara, Kilwa na Bagamoyo, na mkataba wa 1873 ambao Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa Zanzibar. Yote ni kweli. Lakini swali lilitaka sababu za biashara hiyo kukomeshwa, na yeye amesimulia ilivyokuwa. Historia aliijua, maneno mawili ya mwanzo ndiyo hakuyajua.

Uwe macho pia na neno moja lenye kazi mbili. Solution kwa mwalimu wa hisabati ni jibu, kwa mwalimu wa kemia ni myeyusho, na vipindi vyao huenda vikafuatana asubuhi moja.

Sasa kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi kubwa saa za mwanzo, kisha kasi inapungua, na kila tukirudia jambo linakaa zaidi. Ndiyo maana neno ulilolisoma Jumatatu na kuliacha, Alhamisi halipo. Miaka ya 1970 mwandishi Sebastian Leitner akaeneza njia rahisi ya kurudia, ya kadi na kisanduku, nami naiamini kabisa.

Kata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele andika neno pamoja na sentensi uliyolikuta nayo, nyuma maana yake na sentensi yako mwenyewe. Sentensi iwe ya kweli: habari za kuku wa mama, za kisima, za rafiki yako. Tafuta boksi la viatu uligawe sehemu tatu. Ya kwanza unaipitia kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu kila wiki. Ukilikumbuka neno, kadi inasogea mbele. Ukilisahau, inarudi mwanzo. Litamke kwa sauti, maana Kiingereza hakisomwi kilivyoandikwa kama Kiswahili: ile s ya island haitamkwi hata kidogo. Kamusi ya kwenye simu ya mama inatamka, kwa hiyo hapo simu itakufaa.

Kumbadilishia mtoto lugha ya karibu masomo yote kwa siku moja ni kumtwisha mzigo mzito, na nitaendelea kulisema hilo kwa yeyote atakayenisikiliza. Lakini Januari haingoji mjadala wa wakubwa, na wewe una wiki kadhaa mkononi.

Kamusi yangu ya TUKI, ile Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iko kwenye lile sanduku chini ya kitanda cha bibi. Jalada limetoka ila kurasa zote zipo, ichukue iwe yako. Manila nampa mama hela akununulie sokoni. Jumapili nikipiga simu nitakuomba unisomee sentensi zako, za nyuma ya kadi, wala sitakuuliza umefikisha maneno mangapi.

Dada yako